Riviu ya latanoprost, matone ya presha ya macho: ipimwe kwa kazi yake

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: latanoprost ni dawa nzuri, nimeitumia muda wa kutosha kusema hivyo, tatizo ni kwamba inalaumiwa kwa kitu ambacho haikutengenezwa kukifanya. Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya macho asubuhi utasikia watu wanaambizana "mi nimemaliza chupa kadhaa sijaona mabadiliko yoyote", mtu anaacha, anakuja kurudi jicho moja limeshazima kabisa. Inaniuma sana hii. Dawa hii haiongezi kuona hata kidogo, na hakuna anayepata nafasi ya kukaa na mgonjwa amweleze inafanya nini, foleni imefika getini, unapewa kichupa unaambiwa tone moja usiku, haya mwingine aingie.

Mi nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Tanga, na baba yangu alipofuka kwa presha ya macho, hiyo hiyo ambayo hospitali wanaiita glakoma, kwa hiyo nilipoambiwa na mimi ninayo nilienda kusoma kila nilichokipata. Naomba mnivumilie nianzie ndani ya seli kabla sijafika kwenye kichupa, maana bila hapo riviu yote ni bure.

Nyuma ya jicho kuna retina, na kwenye retina kuna seli za neva zinazoitwa seli ganglioni, kila jicho lina kama milioni 1 hivi. Kila seli ina mwili wake, wenye kiini na DNA, umekaa hapo hapo kwenye retina, halafu ina mkia mwembamba mno unaitwa aksoni. Mikia yote hiyo inakusanyika inatoka kwa nyuma ya jicho na ndo inakuwa ile neva ya jicho inayoenda kwenye ubongo. Neva yenyewe tu kabla haijakutana na ya jicho la pili ina karibu sentimita 5, na aksoni nyingi bado zinaendelea mpaka kwenye sehemu ya ubongo inaitwa talamasi. Sasa mwili wa seli upana wake ni maikromita 10 mpaka 20 tu. Ukikuza mpaka mwili huo ulingane na chumba cha mita 4, aksoni itakuwa waya wa kilomita 10 na zaidi, na hicho chumba kimoja ndo kinatakiwa kiuhudumie waya wote huo miaka 70, 80, bila kupumzika.

Kwanini kiuhudumie? Kwa sababu sehemu kubwa ya protini za seli inatengenezwa kwenye mwili. DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inatoka nje ya kiini, ribosomu zinaisoma herufi tatu tatu, kila tatu ni amino asidi moja, zinaungwa moja baada ya nyingine mpaka mnyororo unakamilika. Zile protini zinazotakiwa kukaa kwenye utando wa seli, au kutolewa nje kwenye ncha ya aksoni, zinapitia kwanza kwenye retikulamu ya endoplazimu zikunjwe vizuri, zinakwenda Golgi (sehemu ya kufungashia ya seli), zinafungwa kwenye vifuko vidogo. Wanafunzi wangu hapa huwa wanafunga daftari wakidhani mada imeisha. Kwa seli ya ini ni sawa, imeisha. Kwa seli ya neva ndo kwanza kazi inaanza, kwa sababu protini ipo huku na anayeihitaji yupo kule mbali sana, na protini hazidumu milele, zinachakaa, lazima zije nyingine.

Usafirishaji wake ukiuangalia utamshukuru Mungu. Ndani ya aksoni kuna vijiti virefu vinaitwa mikrotubuli vimelala kwa urefu, na juu yake inatembea protini nyingine inaitwa kinesini, ina miguu miwili kweli kweli, inabeba kifuko mgongoni, kila hatua ni nanomita 8 na kila hatua inatumia molekuli moja ya ATP, yaani mafuta ya seli. Kinesini iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz kule Woods Hole, Marekani, na walitumia aksoni ya ngisi kwa sababu ngisi ana aksoni nene kuliko ya kwetu mara nyingi sana unaweza hata kuiminya ukatoa kilichomo ndani. Sisi watu wa pwani ngisi tunamkaanga tu.

Kuna mwendo wa aina mbili. Ule wa haraka ni milimita 200 mpaka 400 kwa siku, ndo unabeba vifuko na vitu vya kwenye utando, kwa hiyo mzigo unaotoka kwenye retina unaweza kumaliza ile sentimita 5 ndani ya masaa machache. Mwendo wa pole ni milimita 0.2 mpaka 8 kwa siku, huu ndo unabeba protini za mifupa ya seli yenyewe, ikiwemo tubulini inayojenga vile vijiti nilivyovitaja. Fanya hesabu mwenyewe, kwa milimita 1 kwa siku ni siku 50 kufika tu mwisho wa neva. Yaani tubulini iliyotengenezwa leo jichoni kwako itafika huko baada ya mwezi na nusu, ipo njiani muda wote huo.

Na kuna kurudi pia, watu wengi wanasahau hili. Daineini inatembea kwenye vijiti vile vile kuelekea upande wa pili, inarudisha vilivyochakaa, na inaleta ujumbe kutoka kwenye ubongo, mojawapo ni ile protini inaitwa BDNF ambayo seli inaihitaji ili iendelee kuishi. Seli ikikosa ujumbe huo muda mrefu inaanza kujiua yenyewe kwa utaratibu.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kinatoka kwenye mwili wa seli. Muda mrefu iliaminika hivyo, lakini maabara ya Christine Holt pale Cambridge wameonyesha aksoni nayo ina RNA na ribosomu zake na inatengeneza protini huko huko, na mwaka 2016 walilionyesha kwa seli hizi hizi ganglioni za panya aliye hai, hata panya mkubwa sio kichanga tu. Mi nilifurahi sana kusoma hilo. Lakini hata hizo RNA na vifaa vyake vinatoka kwenye mwili, kwa hiyo njia ikiziba bado shida ni ile ile.

Sasa njia inaziba wapi? Pale aksoni zinapotoka kwenye jicho kuna bamba lenye matundu mengi, linaitwa lamina kribrosa, aksoni zinapita matunduni kwa mafungu. Kabla ya bamba aksoni hazina lile ganda la mayelini, zikishavuka ndo zinavaa, kwa hiyo sehemu ile zina kazi ngumu na zinahitaji nishati nyingi, ndo maana zimejaza mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli. Presha ya maji ya ndani ya jicho ikipanda, bamba linasukumwa nyuma, linapinda, matundu yanabana. Mwaka 1974 Douglas Anderson na Anita Hendrickson walipandisha presha kwenye macho ya nyani waliokuwa wamechomwa sindano ya amino asidi yenye mionzi ndani ya jicho, seli zikaitumia kujenga protini, na protini hizo zikafuatiliwa zinakwenda wapi. Zilikwama pale pale kwenye lamina kribrosa. Kwangu mimi hilo jaribio linaeleza ugonjwa huu vizuri kuliko bango lolote la kliniki, maana mtu anadhani presha ya macho inaua jicho kwa kulipasua au kulichosha, kumbe (pamoja na mengine, damu kutofika vizuri nayo imo) seli zinakatiwa mizigo ya kwenda na ujumbe wa kurudi, zinakufa moja moja, kimya kimya, zinaanza za pembeni, na wewe huhisi maumivu yoyote. Na seli ganglioni ikifa haioti nyingine.

Basi hapo ndo kichupa kinaingia.

Latanoprost ilipata kibali Marekani mwaka 1996. Tone likifika kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) linabadilishwa kuwa asidi ambayo ndo inafanya kazi, linakwenda kushika vipokezi kwenye msuli wa siliari, na msuli huo unaanza kutengeneza zaidi vimeng'enya vinavyolegeza kolajeni iliyopo katikati ya nyuzi zake, maji ya jicho yanapata upenyo wa kutokea. Vimeng'enya ni protini, kwa hiyo dawa hii nayo inategemea seli itengeneze protini, sio kama inafungua bomba papo hapo. Ndo maana presha inaanza kushuka baada ya masaa 3 au 4, inashuka zaidi baada ya masaa 8 mpaka 12, na matokeo kamili yanahitaji wiki kadhaa. Kwa wastani inashusha robo mpaka theluthi ya presha uliyoanza nayo. Mimi ilikuwa 27 ikaja 18, na imekaa huko huko kila nikipimwa, wakati presha ya kawaida inahesabiwa 10 mpaka 21. Ile picha ya OCT inayopima unene wa tabaka la nyuzi za neva haijaonyesha kupungua kwa maana tangu nianze, na kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukiona taa nacho kimekaa pale pale. Kukaa pale pale kwenye ugonjwa huu ndo ushindi wenyewe! Wanaosema hawaoni tofauti, hiyo ya kutoona tofauti, kama vipimo navyo vimetulia, ndo dawa imefanya kazi.

(Kuna watu presha yao ipo chini ya 21 na bado neva inakufa, msije mkajipima mkajiona mmepona. Hao nao wanasaidiwa kwa kushushwa zaidi.)

Sasa matumizi ya kila siku, na hapa ndo nina malalamiko.

La kwanza ni joto. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kikae friji, nyuzi 2 mpaka 8, na kikishafunguliwa kinaruhusiwa kukaa nje kama haizidi nyuzi 25, kwa wiki 4 au 6 kutegemea karatasi ya ndani ya boksi lako imeandika nini. Nyuzi 25 Tanga mwezi wa pili unaipata wapi? Hata usiku joto linakaribia hapo hapo. Kwa hiyo mi changu kinakaa friji mwanzo mpaka mwisho, mlangoni, sio karibu na barafu, ndani ya mfuko ili mwanga usikipige. Umeme ukikatika masaa mawili matatu usihangaike, usifungue fungue tu mlango. Kilichonikera zaidi ni famasi moja mjini hapa nilikuta wamevipanga rafu ya dirishani na jua la saa nane linaingia, nikauliza, dada akaniambia hiyo haina shida. Ina shida kubwa, dawa iliyoharibika inaweza isibadilike rangi wala harufu, utaitia kila usiku kwa imani na presha ipo juu vile vile. Siku hizi nauliza kwanza friji iko wapi, akinitolea kutoka kwenye rafu nashukuru naondoka.

La pili ni kichupa chenyewe. Mililita 2.5, kidogo, na plastiki yake kwenye baadhi ya makampuni ni ngumu mpaka mzee mwenye vidole vya baridi yabisi hawezi kukiminya, akiminya yanatoka matatu kwa mpigo yanamwagika shavuni, mwezi haujaisha dawa imeisha. Na bei yake iko juu ya timolol, yale matone mengine ya presha ya macho, kila mwezi, maisha yote. Baba aliacha dawa kwa sababu hiyo hiyo, aliona ada za shule za wadogo zangu ni muhimu kuliko macho yake na wala hakutuambia.

Jinsi ya kutia, maana hapa wengi wanapoteza: nawa mikono, vuta kope la chini, tone MOJA, funga jicho taratibu bila kupepesa, bonyeza kwa kidole kile kikona cha jicho upande wa pua dakika moja au mbili ili isiteremkie puani. La pili halisaidii, jicho halina nafasi ya kulihifadhi, na ukitia mara mbili kwa siku ukidhani unaongeza nguvu unaipunguza, hii dawa ni mara moja tu kwa siku, usiku. Kama una dawa nyingine ya matone subiri dakika 5 katikati. Mi nimeweka saa ya simu baada ya taarifa ya habari na mwanangu wa mwisho ndo ananikumbusha "mama macho".

Madhara niliyoyapata ni wekundu wiki za mwanzo, ukapungua, muwasho kidogo, na kope zimerefuka na kuwa nyeusi kiasi kwamba walimu wenzangu waliniuliza nimebandika wapi. Ngozi ya kuzunguka jicho inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa hiyo futa ikimwagika. Wanasema pia inaongeza weusi kwenye lile duara lenye rangi linalozunguka mboni, kwa macho yetu haya ya kahawia iliyokolea hutaona kitu, wenye macho ya rangi mchanganyiko ndo wanaona, na kwao weusi ule unaweza usitoke tena. Kama unatia jicho moja tu jiandae macho kutofautiana. Mimi kwa hayo yote sina neno.

Ukilinganisha na timolol, ambayo ndo wengi tunaanzishiwa kwa sababu ya bei, timolol inapunguza kiasi cha maji jicho linachotengeneza, inatiwa mara mbili kwa siku kwa kawaida, ni dawa ya kweli pia, lakini ukiwa na pumu USITIE, na ukiwa na mapigo ya moyo ya pole mwambie daktari kabla. Jirani yangu mwenye pumu aliandikiwa bila kuulizwa, akabanwa kifua usiku tukamkimbiza. Latanoprost kwa kifua ni salama zaidi kwa watu wengi, kwangu hiyo peke yake inahalalisha tofauti ya bei kama mtu anaimudu.

Na nyie mnaotia maji ya sukari, maziwa ya mama, asali, na ile juisi ya majani inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp eti inasafisha neva ya jicho, nawaomba kwa heshima zote acheni. Hakuna kitu chochote katika hivyo kinachoshusha presha kikaifanya kinesini ipite pale kwenye bamba, vingine vinaleta vidonda kwenye konea, unabaki na magonjwa mawili.

Kinachoweza kuishinda latanoprost kwa mazingira yetu ni leza, ile wanaita SLT, inapigwa kwenye njia ya kawaida ya kutokea maji, dakika chache, hulazwi. Uingereza walilinganisha leza na matone, wakatoa matokeo mwaka 2019, asilimia 74 ya walioanza na leza miaka mitatu baadae walikuwa hawahitaji matone kabisa. Lakini utafiti ulionigusa ni wa kwetu, ulifanyika hospitali ya KCMC Moshi ukatoka 2021, leza dhidi ya timolol, baada ya mwaka macho yaliyofanikiwa upande wa leza yalikuwa asilimia 61 na upande wa timolol 31. Wamelinganisha na timolol sio latanoprost, nasema hivyo nisiwapotoshe. Ila fikiria mtu wa kijijini asiye na friji, asiye na hela ya kila mwezi, ambaye famasi ya karibu ni nauli ya kwenda na kurudi, kwake leza inaondoa yale malalamiko yangu yote kwa mkupuo. Haidumu milele, nguvu yake inapungua na miaka, inaweza kurudiwa.

Jumla naipa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa friji na bei, sio kwa dawa. Nimeshamuuliza daktari wangu kuhusu SLT na amesema pembe za macho yangu (pale ndani maji yanapotokea) ziko wazi kwa hiyo nafaa, tumekubaliana nikifunga shule nipande basi la Moshi nikaonwe, na mpaka hapo naendelea na tone langu la usiku. Wadogo zangu watatu nimeshawapeleka kupimwa, mmoja presha yake imekutwa 24 na hakuwa na dalili yoyote.